Besi ya rangi ya bajaji

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni seremala hapa Morogoro, na Jumapili napiga besi kwenye kwaya yetu. Gita tunaloazima lina wenyewe, na madukani bei hazishikiki. Nataka nichonge langu: rahisi kutengeneza, la rangi ya kuchangamka, lisilomaliza akiba. Ninazo mbao kavu za mninga na za msonobari. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, fundi mwenzangu. Anzia kwenye shingo, maana bodi, yaani kiwiliwili cha gita, utaichonga huku unapiga soga. Mtengenezaji wa magita Leo Fender alipotoa besi yake ya Precision kule California mwaka 1951, bodi ilikuwa ubao bapa tu, pikapu moja (kinasa mtetemo wa nyuzi), vitufe viwili, na shingo imefungwa kwa skrubu nne. Seremala anayeanza hana haja ya kuongeza kitu hapo. Mimi hata kitufe cha toni ningekiacha, kibaki cha sauti peke yake.

Ila urefu wake usiuige. Nyuzi zake zilikuwa inchi 34 toka nati (kipande chenye mifereji ya nyuzi kwenye kichwa cha shingo) hadi daraja (kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye bodi), yaani milimita 864. Wewe chukua inchi 30, milimita 762, karibu sawa na ile besi ya Höfner yenye umbo la fidla aliyopiga Paul McCartney wa Beatles. Nyuzi za unene uleule zikikazwa kwa sauti ileile, kwenye urefu huo mvuto unapungua kwa zaidi ya moja ya tano, na shingo inapumua. Ulizia nyuzi za besi fupi kabla hujagusa msumeno. Ndefu ukizikata vibaya zinafumuka.

Shingo iwe ya mninga, hauna tabia ya kupindapinda, na ndani yake upitishe chuma cha kurekebishia mpindo wa shingo. Kama kuna gita bovu mtaani, ling'oe chuma hicho pamoja na funguo za kukazia nyuzi. Hapo ndipo pesa nyingi inapookolewa. Kupanga freti, vile vipau vya chuma vya shingoni, gawanya 762 kwa 17.817: unapata milimita 42.8, ndiyo freti ya kwanza kutoka kwenye nati. Urefu uliobaki ugawanye tena vilevile, uendelee hivyo. Ya 12 lazima iangukie 381, nusu kamili. Isipoangukia hapo, penseli imedanganya mahali, rudia.

Msonobari uweke kwenye bodi, ni mwepesi. Na wepesi huo una adabu yake: shingo ya mninga yenye funguo nne za chuma itauzidi uzito, na ukiachia mkono gita linainamisha kichwa chini, unapiga huku umelibeba. Dawa ni pembe ya juu ya bodi. Ichore ndefu, ncha yake ifike usawa wa freti ya 12, na kifungo cha mkanda ukifunge papo hapo. Jaribu kwanza kwa kukata umbo kwenye plaiwudi mbovu, ufungie shingo, uvae. Usione aibu ya pembe ndefu.

Rangi ndiyo kazi ya raha. Usinunue ya magita. Hata Fender, miaka ya 1950 na 1960, rangi zake za kung'aa zilikuwa za magari, za DuPont. Nenda kwa wapuliza rangi wa gereji, uombe mabaki ya kopo: bluu ya bajaji, njano ya taa, chochote kilichobaki. Mafundo ya msonobari yazibe kwanza, la sivyo utomvu utachomoza. Kisha fila, msasa, rangi, na juu klia isiyo na rangi. Kifuniko cha nyaya kikate kwenye mfuniko wa ndoo, rangi iwe ya kugombana na bodi.

Pikapu nunua ile ya vipande viwili, mtindo wa Precision ya 1957. Vipande vinafutiana mngurumo. Tena pitisha waya mmoja toka chini ya daraja hadi upande wa ethi wa soketi ya jeki. Ukiusahau, spika za kanisa zitavuma hata ukiwa umeshika nyuzi.