Je, kijana wetu afiche asili yake ya Asia anapoomba chuo Marekani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tuna asili ya Kihindi, tumekulia katika Kiswahili, na kwa sasa tunaishi Marekani, ambako kijana wetu yumo mwaka wa mwisho wa sekondari. Ana alama nzuri sana, anapiga fidla na hushiriki mashindano ya hisabati. Jamaa wanatushauri aache wazi kisanduku cha asili na asitaje fidla wala hisabati, kwa madai kwamba vyuo vikubwa huwabania watoto wa Kiasia. Je, ni kweli?
Mama wa mwombaji, New Jersey

JIBU: Mama, jamaa zako hawajazua. Katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2014 na Students for Fair Admissions, kundi linalopinga vyuo kuzingatia rangi katika udahili, dhidi ya Chuo Kikuu cha Harvard, takwimu zilizofikishwa mahakamani mjini Boston zilionyesha kwamba waombaji Wamarekani wenye asili ya Asia walifanya vizuri kuliko wengine wote kitaaluma, lakini waliachwa nyuma na Wazungu katika alama ya haiba, yaani ile inayokusudiwa kupima mambo kama wema, ujasiri na mvuto wa mtu kwa wenzake. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo zaidi katika alama zilizotolewa na wahitimu wa Harvard waliokaa na waombaji na kuwahoji. Iliongezeka kwa maofisa wa udahili, ambao mara nyingi walisoma faili bila kumwona mtoto. Kwa maoni yangu hakuna jambo zito kuliko hilo katika kesi nzima, kwa sababu mtoto anaweza kusahihisha hesabu aliyokosea, lakini hawezi kujitetea dhidi ya dhana asiyoambiwa kwamba ipo.

Jaji Allison Burroughs, aliyesikiliza kesi hiyo, aliamua mwaka 2019 kwamba hakukuwa na ubaguzi wa makusudi, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye mwaka uliofuata. Hata hivyo, hakukana kwamba tofauti ya alama za haiba ilikuwepo, na alieleza kwamba huenda sehemu yake ilitokana na barua za mapendekezo za walimu na washauri wa shule. Naomba uishike hoja hiyo, nitairudia.

Yapo mambo ambayo huenda jamaa hawakuyataja. Ni kweli kwamba rangi ya mwombaji ilizingatiwa, na kwamba jambo hilo liliwapunguzia Waasia nafasi. Lakini uchambuzi wa takwimu zilizotoka katika kesi hiyo hiyo ulionyesha kwamba takriban asilimia 43 ya Wazungu waliodahiliwa Harvard walikuwa wanamichezo walioandikishwa kwa ajili ya timu, watoto wa wahitimu, watoto wa wafanyakazi wa chuo, au waombaji waliowekwa katika orodha maalumu ya mkuu wa udahili, ambayo mara nyingi huwahusu jamaa wa wafadhili. Miongoni mwa Waasia waliodahiliwa, kundi hilo halikufika asilimia 16. Mzazi aliyehamia nchi hiyo ukubwani hakusoma Harvard, wala babu hakuichangia fedha. Mlango huo mtoto wake ameukuta umefungwa tangu kuzaliwa. Nasikitika kwamba uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi hiyo, wa tarehe 29 Juni 2023, uliokataza vyuo kumpa mwombaji uzito kwa sababu ya rangi yake, haukuugusa upendeleo huo. California imetunga sheria ya kupiga marufuku upendeleo kwa jamaa wa wahitimu na wa wafadhili, na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilikuwa kimekwisha kuacha kuwapendelea watoto wa wahitimu.

Baada ya uamuzi huo wa Mahakama ya Juu, matokeo hayakufanana. Katika mwaka wa kwanza wa udahili, 2024, sehemu ya Waasia kati ya wanafunzi wapya wa chuo cha teknolojia cha MIT ilipanda kutoka asilimia 40 hadi 47, Harvard ikabaki 37, na Chuo Kikuu cha Yale kikashuka kutoka 30 hadi 24.

Kuhusu kisanduku, basi, msihangaike. Common App, mfumo wa pamoja wa kuombea vyuo vingi, huviwezesha vyuo kulificha jibu hilo wakati faili linasomwa, na jina la ukoo litabaki palepale hata kisanduku kikiwa kitupu. Fidla na hisabati asiziache: ukimwondolea kijana vitu anavyovipenda, faili lake litakuwa tupu, na faili tupu ndilo linalomfanya msomaji ajaze mwenyewe kwa dhana alizonazo. Nguvu zenu zielekezeni kwenye zile barua. Amchague mwalimu aliyemwona akimfundisha mwenzake, akikosea na kuanza upya, au akipinga jambo darasani, kisha amkumbushe tukio lenyewe kwa maandishi mafupi, ili barua isiishie kwenye "mwanafunzi mtulivu na mwenye bidii". Katika insha anaruhusiwa kueleza asili yake; katika uamuzi wa Mahakama ya Juu, Jaji Mkuu John Roberts aliandika waziwazi kwamba mwombaji anaweza kusimulia jinsi rangi ilivyoyagusa maisha yake.

SWALI: Je, anayeomba akiwa bado anaishi Asia huhesabiwa pamoja na Wamarekani wenye asili ya Asia?
Msomaji

JIBU: Hapana. Asiye raia wala mkazi wa kudumu huhesabiwa miongoni mwa wanafunzi wa kigeni. Kikwazo chake kikubwa mara nyingi ni ada, kwa kuwa vyuo vingi huangalia kama mgeni anahitaji msaada wa fedha kabla ya kumpa nafasi. Harvard, Yale, Princeton na MIT ni miongoni mwa vichache visivyofanya hivyo.