Euro na pauni dhidi ya dola: hatari moja au mbili?

Ndugu yangu, umeuliza kama kununua euro na pauni kwa pamoja dhidi ya dola kunagawanya hatari. Kunagawanya kidogo sana. Jozi zote mbili, yaani euro kwa dola na pauni kwa dola, zina dola upande wa pili, kwa hiyo Benki Kuu ya Marekani ikipandisha riba kuliko soko lilivyotarajia, mara nyingi euro na pauni hushuka siku ileile. Hapo hasara inakupata mara mbili kwa sababu moja.

Faranga ya Uswisi huwachanganya wengi. Bei yake huandikwa kwa kutanguliza dola, hivyo chati yake huonekana kwenda kinyume na ya euro, ilhali sarafu zenyewe kwa kawaida zinaelekea upande mmoja.

Lakini, tafadhali, usiuchukulie uhusiano huo kama sheria. Kuanzia Septemba 2011 benki kuu ya Uswisi ilizuia euro isishuke chini ya faranga 1.20. Tarehe 15 Januari 2015 ikaondoa kizuizi hicho ghafla, na faranga ikapaa ndani ya dakika chache. Waliokuwa wakifanya biashara kwa fedha za kukopa waliumia vibaya sana.

Dola ya Australia huguswa zaidi na bei ya madini ya chuma, na dola ya Kanada huguswa zaidi na bei ya mafuta. Kabla hujafungua biashara ya pili, pima uhusiano wa bei za jozi hizo mbili kwa miezi michache iliyopita; kipimo chake huanzia -1 (zinakwenda kinyume) hadi 1 (zinakwenda pamoja). Ukikaribia 1, gawa kiasi chako nusu kwa nusu, usikiongeze.