Umeme umerudi, seva imewaka, lakini faili hazifiki tawini

Masika ya Mwanza unayajua. Radi za ziwani zinapiga usiku kucha, umeme unaenda na kurudi, na asubuhi kabla hujamaliza chai simu inaita kutoka tawi la Bukoba: "Fundi, faili walilosevu huko jana huku hatulioni." Unakagua: seva zote zimewaka, mtandao upo, ping inajibu. Basi wengi wanaanza zima-washa, na hapo ndipo siku inapoharibika.

Nazungumzia seva za Windows zinazonakiliana folda kwa DFS Replication. Mfumo huu una hifadhidata yake kwenye kila diski, inayoweka kumbukumbu ya kila faili na toleo lake. Seva ikizimika ghafla, hifadhidata hiyo haikufungwa inavyotakiwa. Ni kama karani wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, aliyeitwa katikati ya kuhesabu magunia: akirudi hana uhakika amefikia lipi, na mzigo hautoki mpaka daftari lilingane na kilichopo chini.

Kwa hiyo usianzie kwenye nyaya, anzia kwenye Event Viewer, programu ya Windows inayoweka kumbukumbu za matukio ya seva, sehemu ya DFS Replication. Tukio namba 2212 linasema huduma imegundua kwamba ilizimika vibaya. Likifuatiwa na 2214, imejirekebisha yenyewe, kanywe chai yako. Ukikuta 2213, huduma imesimama kwa makusudi kwenye diski hiyo na inamsubiri binadamu. Ubaya wake ni kwamba kwenye orodha ya huduma bado inaonyesha "Running", kwa hiyo asiyefungua kumbukumbu hizo atakuambia kila kitu kipo sawa.

Ujumbe wa 2213 usomwe mpaka mwisho. Ndani yake kuna amri nzima, unainakili na kuibandika tu, ile ya wmic inayoishia na ResumeReplication, ikiwa na namba ya diski yako tayari. Lakini juu ya amri hiyo kuna hatua ya kwanza ambayo watu wanairuka: fanya bakapu ya folda zote zinazonakiliwa kwenye diski hiyo.

Sababu yake niliiona kwenye ofisi moja ya biashara ya samaki. Seva zilikuwa hazinakiliani bila mtu kujua, na watu wa Mwanza na wa Bukoba wakaendelea kujaza jedwali lilelile la bei za sangara, kila upande na nakala yake. Kijana wao wa IT akabandika amri bila bakapu. Mfumo huu faili likigongana hauunganishi. Aliyebadilisha mwisho ndiye anayeshinda. Bukoba wakashinda, na bei walizoingiza Mwanza zikatoweka mbele ya macho ya mhasibu. Tulizipata kwenye folda iliyofichwa ya DfsrPrivate, ndani ya ConflictAndDeleted. Majina ya faili humo yanakuwa yamebadilishwa, ila kuna faili la XML linaloonyesha kila moja lilitoka wapi. Tulikuwa na bahati, maana folda hiyo ina kikomo cha ukubwa, na ikijaa vya zamani vinafutwa.

Ukishaendesha amri, subiri. Diski yenye faili nyingi inaweza kuchukua saa nyingi kujikagua, na ukiwasha upya seva katikati umejirudisha mwanzo. Tazama foleni ya faili zinazosubiri kunakiliwa kwa amri ya dfsrdiag backlog: namba ikipungua, hata polepole, iache.

Usiliache tatizo hili lilale, hasa kwenye tawi la mbali. Kuanzia Windows Server 2012, folda iliyokaa bila kuwasiliana na wenzake zaidi ya siku 60 inakataliwa kwa tukio 4012, na kuirudisha ni kazi nyingine kabisa.

Sasa UPS, lile boksi la betri linaloshikilia seva umeme ukikatika. Ofisi nyingi ninazoingia zinayo, na ule waya wa USB bado upo kwenye nailoni yake ndani ya boksi. Bila waya huo seva haijui kwamba inakula betri. Inazimika betri ikikata roho, yaani vilevile kama isingekuwepo UPS. Chomeka, weka programu, iamuru seva ijizime mapema. Na seva yenyewe ipe muda wa kufunga huduma: thamani ya WaitToKillServiceTimeout kwenye rejista ya Windows (Registry) inahesabiwa kwa milisekunde, na ikiwa ndogo Windows inaikata DFS Replication kabla haijafunga hifadhidata, hata kama umeizima kistaarabu.

Halafu jaribu. Chagua Jumamosi mchana watu wameondoka, chomoa UPS ukutani, acha seva ijizime yenyewe, kisha iwashe na ufungue kumbukumbu. Ukikuta 2212, ama betri imechoka ama muda uliotoa hautoshi. Anza na betri.