Bata mzinga mezani: namna ninavyochagua mvinyo wa Siku ya Shukrani

Kila ikikaribia katikati ya Novemba meseji zinaanza kuingia. "Dada, tumealika watu kumi na wawili, tununue mvinyo gani?" "Shemeji, bata mzinga anaendana na mwekundu au mweupe?" Huu ni mwaka wangu wa 11 hapa Maryland, na ile Alhamisi ya nne ya Novemba ambayo Wamarekani wanaiita Thanksgiving imekuwa siku yetu ya kukutana: ndugu wa Tanzania na Kenya, wakwe, na jirani zetu Wamarekani. Jibu limekuwa refu kuliko meseji, kwa hiyo naliweka hapa.

Mwaka wa kwanza kupika mimi mwenyewe nilikosea, na kosa lile ndilo lililonifundisha. Nilitaka wakwe zangu waone nimewaheshimu. Nikaingia dukani nikaomba mvinyo mwekundu mzuri kuliko yote usiozidi dola 60, nikapewa Cabernet Sauvignon ya Napa, California, nikanunua chupa mbili. Ukiunywa peke yake ulikuwa mvinyo mzuri kweli. Lakini mama mkwe alipokata kipande cha kidari, akakipaka sosi ya kranberi (tunda dogo jekundu), kisha akapiga funda moja, nilimwona ametulia huku akigusisha ulimi kwenye kaakaa kama mtu aliyetoka kutafuna bibo. Hakusema neno. Aliisogeza glasi pembeni akaomba maji. Nilipoonja na mimi pamoja na chakula, nyama ilizidi kuwa kavu, mvinyo uligeuka mchungu, na nyuma yake ikabaki ladha kama ya chuma. Chupa zile zilibaki. Riesling (mvinyo mweupe) ya dola 14 aliyoleta jirani iliisha kabla hatujarudia sahani ya pili.

Mliokulia Mtwara, Tanga au Kilifi mnalijua bibo: tamu, limejaa maji, halafu ulimi unakunjamana. Ukakasi huo unatokana na tanini, na tanini hiyo ndiyo unayoikuta kwenye chai ya rangi iliyosahaulika na majani yake ndani ya birika. Kwenye mvinyo mwekundu inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Inashikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi wake, mdomo unakauka. Ukila nyama ya ng'ombe yenye mafuta, mafuta na protini ya nyama vinaupokea ukakasi ule na mambo yanakwenda sawa. Kidari cha bata mzinga hakina mafuta ya kutosha kufanya kazi hiyo. Hata umpike vizuri namna gani, umlaze kwenye maji ya chumvi usiku kucha, umtoe tanuri mara kipimajoto kinaposoma nyuzi 74 za Selsiasi, bado kidari ni nyama pole. Ukiimwagia Cabernet changa, unaionea.

Halafu bata mzinga haliwi peke yake. Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanamchagulia ndege mvinyo na kuisahau meza. Hebu itazame. Kuna kranberi, yenye uchachu na utamu kwa pamoja. Kuna viazi vitamu vilivyookwa kwa siagi na sukari ya kahawia. Kuna ule mkate wa kuokwa na vitunguu, seleri na majani makavu yenye harufu kali. Kuna mchuzi mzito wa bata wenye chumvi ya kutosha. Kwetu ongeza pilau yenye bizari na karafuu, na kachumbari ya pilipili ambayo mume wangu hawezi kula bila hiyo. Utamu wa chakula unaufanya mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, uonekane mchungu na mwembamba, na pilipili inawaka zaidi ikikutana na kilevi kikali. Hakuna chupa itakayoelewana na kila sahani hapo. Unachotafuta ni mvinyo usiogombana na yeyote.

Mimi najiuliza swali moja tu: mvinyo huu unaweza kufanya kazi ya ndimu? Kwetu nyama choma haiji bila ndimu, samaki wa kukaanga haji bila ndimu, hata supu ya asubuhi tunaikamulia. Ule uchachu unakata mafuta, unaamsha ladha, unaurudishia mdomo hamu ya tonge linalofuata. Mvinyo wa meza hii nautaka hivyohivyo: uchachu wa kutosha, ukakasi kidogo, kilevi cha wastani. Ukishika hayo matatu, suala la mwekundu au mweupe linabaki kuwa la mapenzi yako.

Kwa mwekundu naanza na zabibu iitwayo Gamay, ya eneo la Beaujolais kule Ufaransa. Huko wana desturi ya kuchachusha mashada mazima bila kuyaponda kwanza, kwa hiyo tanini inayotoka kwenye maganda ni kidogo na harufu ya matunda inabaki mbichi. Mtakutana na Beaujolais Nouveau, mvinyo wa mavuno ya mwaka huohuo, unaotolewa duniani kote Alhamisi ya tatu ya Novemba, yaani wiki moja kamili kabla ya Thanksgiving. Maduka yanaupanga mlangoni. Si mbaya, ni wa furaha na bei yake ni nafuu, lakini ukiongeza dola chache unapata kitu kizuri zaidi. Beaujolais ina maeneo kumi ambayo mvinyo wake hubeba jina la mahali ulipotoka: Morgon, Fleurie, Brouilly, Moulin-à-Vent na mengine. Mara nyingi jina hilo ndilo linaloandikwa kwa herufi kubwa, na neno Beaujolais unaweza usilione kabisa, ndiyo maana watu wanapita wasijue. Mimi nachukua Fleurie. Kwa dola 22 hadi 28 sijaona mwekundu mwingine unaokaa vizuri hivi na kidari, kranberi na pilau kwenye sahani moja.

Pinot Noir, zabibu nyingine ya mwekundu, ndiyo inayotajwa na kila mtu, na ni kweli inafaa, hasa ya bonde la Willamette, Oregon. Tatizo langu nayo ni bei. Iliyo nzuri ni ghali, na ya bei rahisi mara nyingi ni tamutamu bila uchachu.

Wapo watakaokwambia sikukuu ya Marekani inywewe na Zinfandel, mwekundu mwingine, kwa kuwa ni zabibu ya Marekani. Kumbe ilikuja California karne ya 19, na vipimo vya vinasaba vimeonyesha ni zabibu ya zamani ya Kroatia, ileile ambayo Waitalia wanaiita Primitivo. Kuhusu uzalendo siingilii. Ninachohofia ni kilevi: Zinfandel nyingi zinafika asilimia 15 na kupita. Chakula hiki kinaanza saa nane mchana na watu wanaondoka saa nne usiku. Glasi tatu za asilimia 15 si sawa na glasi tatu za asilimia 9, na pilipili ya kachumbari itakukumbusha hilo mapema. Kama unaipenda, inywe pamoja na mapaja, ambako nyama ni nyeusi na ina mafuta.

Sasa Riesling. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo iliyoniokoa na ndiyo watu wanayoiogopa. Wanasema ni mvinyo wa sukari. Ipo yenye sukari na ipo kavu kabisa. Kinachoibeba ni uchachu mkali ulio chini yake, kama embe lililoanza kuiva ambalo bado linakung'ata. Ile yenye utamu kidogo ndiyo ya meza hii. Utamu wake unaelewana na viazi vitamu na kranberi, unaipoza pilipili, na uchachu unafanya ile kazi ya ndimu kwenye siagi na mchuzi mzito. Ya bonde la Mosel, Ujerumani, tafuta neno Kabinett kwenye lebo, yaani mvinyo mwepesi, mara nyingi wenye utamu kidogo. Neno trocken maana yake ni kavu. Ukichanganyikiwa na maandishi ya Kijerumani, tafuta asilimia ya kilevi, kwa kawaida imeandikwa kwa herufi ndogo: ikiwa 8 au 9, sukari ya zabibu imebaki, ikiwa 12 au zaidi, karibu yote imeshageuka kilevi na mvinyo ni mkavu. Alama hiyo haijanidanganya bado. Za Finger Lakes, jimbo la New York, nazo ni nzuri sana, na nyingi zina mstari mdogo nyuma ya chupa unaoonyesha kama ni kavu au tamu. Mama mkwe anaiita "ule wa ndimu", na kila mwaka namwekea chupa yake pembeni.

Nina mapenzi pia na Chenin Blanc, zabibu ya mvinyo mweupe, na sababu yangu moja ni ya nyumbani. Zabibu hii inalimwa Dodoma, kwenye ardhi kavu ambako mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ulaya hawezi kuliota. Wengi wetu tuliotoka Tanzania tuliujua mvinyo kupitia ule mtamu wa Dodoma, kwenye harusi na Krismasi. Sijaukuta mvinyo wa Dodoma kwenye rafu za hapa, kwa hiyo nikienda likizo narudi na chupa mbili ndani ya begi, zimefungwa kwenye khanga. Pasipokuwa na hizo, nanunua Chenin ya Afrika Kusini kwa dola 15, au Vouvray ya Ufaransa, ya zabibu hiyohiyo, nikiwa na wageni wa heshima. Pamoja na bata mzinga aliyepakwa tangawizi na kitunguu saumu, ni raha.

Chardonnay, mweupe mwingine, iliyolala sana kwenye mapipa ya mwaloni naiacha. Ina ladha ya siagi, na kwenye chakula hiki inakuwa siagi juu ya siagi.

Ukifika dukani, usione aibu kuuliza. Hapa Maryland supamaketi nyingi haziruhusiwi kuuza mvinyo, kwa hiyo utaingia kwenye duka la vinywaji, na mara nyingi utamkuta mtu anayekijua anachouza. Mweleze chakula, pamoja na pilau na pilipili, kisha taja bei yako waziwazi. Usimwambie "nipe mzuri" kama nilivyofanya mimi.

Hesabu ni hii. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano. Watu kumi na wawili, tuseme wanne hawanywi: wanane kwa glasi tatu ni glasi 24, yaani chupa tano, na ya sita ya akiba. Mimi nafungua moja ya mapovu wageni wanapoingia (Cava ya Hispania, inayotengenezwa kwa njia ileile ya Champagne kwa sehemu ndogo ya bei), Riesling mbili, Fleurie mbili, Chenin moja. Mtu wa kuendesha gari anajulikana kabla ya glasi ya kwanza, na kama hayupo, kochi langu lipo.

Jambo linaloharibu mvinyo mzuri bila watu kujua ni joto. Siku hiyo tanuri linawaka tangu alfajiri na nyumba inachemka. Mvinyo mwekundu uliokaa juu ya kaunta ya jiko unakuwa wa vuguvugu, na unachosikia ni kilevi tu. Weka Fleurie kwenye friji kama dakika 40 kabla ya kula. Mweupe nao utoe robo saa kabla, maana ukiwa baridi sana harufu yake inalala.

Na wale wasiokunywa wasipewe soda kama watoto. Wageni wetu Waislamu, dada aliye mjamzito, baba aliyeacha pombe, wote wana mdomo unaotaka kitu cha kuendana na chakula. Nachemsha rozela, wengine huiita choya, kwa tangawizi na vijiti viwili vya mdalasini, sukari kidogo sana, kisha inalala kwenye friji usiku mzima. Ina uchachu uleule ninaoutafuta kwenye Gamay, na rangi yake mezani ni ya kupendeza. Inapata jagi lake na glasi zake nzuri, meza yake mbali na chupa. Na tafadhali: mapishi mengi ya Kimarekani yanakuambia umimine mvinyo mweupe kwenye mchuzi wa bata. Kama una mgeni Muislamu, usimimine. Watu husema kilevi chote kinaruka na mvuke. Si kweli, kiasi kinabaki, na hata kingeruka chote, mgeni ana haki ya kujua anachokula. Supu ya kuku na maji ya limau vinatosha.

Ikifika zamu ya pai ya boga, mvinyo wowote usio mtamu kuliko pai utaonekana kama siki. Glasi ndogo ya Port ya rangi ya kahawia, mvinyo mtamu wa Ureno, inafaa. Kwetu wengi wakifika hapo wanaomba chai.

Ijumaa mifupa inaingia sufuriani pamoja na tangawizi na pilipili manga, inachemka taratibu hadi mchana. Kama Fleurie imebaki nusu, irudishie kizibo uiweke kwenye friji, itakaa siku tatu bila kuharibika. Supu inywewe moto, na safari hii ndimu iwe ya kweli.