Kuku wa Krismasi: nimsikilize mgeni yupi wa redioni?

SWALI: Shikamoo mama. Niko hapa Moshi, redio yetu msimu huu wa sikukuu inaleta wageni wa mapishi, sasa juzi mpishi wa hoteli kasema kuku usimwoshe kabla ya kupika, akafuata mama mmoja wa Kibosho akasema asiyeosha kuku ni mchafu. Ndugu wote wanapanda toka Dar, nifuate lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa kuku wa dukani fuata la mpishi, najua ni ngumu maana sote tumelelewa tukiosha, ila yale maji yanaruka na bakteria mpaka kwenye kachumbari na kachumbari haipiti motoni. Kinachoua bakteria ni moto, nyama ifike nyuzi 74 pale paja lilipo nene, huna kipimajoto basi mchemshe aive kabisa ndo umkaange. Wa kienyeji uliyemchinja mwenyewe kuosha hakukwepeki, tumia beseni taratibu, usifungulie bomba kwa nguvu, halafu beseni na mikono sabuni.

Aliyeganda ayeyukie ndani ya friji, kilo 2 ni kama siku nzima, usimwache mezani usiku kucha jamani!

Ila kwenye machalari, zile ndizi na nyama za Kichagga, mpishi wa hoteli akae pembeni, hapo msikilize huyo mama wa Kibosho kila neno. Nyama ianze kuiva ndo ndizi ziingie, na mikono paka mafuta kabla ya kumenya, utomvu ule hautoki kirahisi.