Mzee wetu alikuwa navy, tumuage vipi?

SWALI: Shikamoo Bi Mhariri. Babu yetu wa Likoni ni mgonjwa sana, madaktari washatuambia tujiandae. Alitumikia jeshi la wanamaji pale Mtongwe, aliingia ujana wake miaka ya mwanzo mwanzo, navy yenyewe ilianza 1964. Sisi Waislamu twazika haraka, kwa hivyo sijui heshima ya kijeshi itaingia wapi? Mjukuu, Likoni.

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Kwanza kaeni na babu sasa hivi akiwa yuaongea, mrekodi kwa simu, muulize meli gani alipanda, wenzake kina nani, nini kilimtisha baharini, manake akishaondoka hizo habari zaenda naye. Tafuteni namba yake ya utumishi na karatasi za kustaafu, ziwekeni pamoja, na mmoja wenu aende kambini aulize mapema, msingoje siku ya msiba mkaanza kufungua masanduku.

Siku yenyewe msicheleweshe maziko kungoja tarumbeta. Aoshwe, avishwe sanda, aswaliwe, na wenzake wa zamani wapewe nafasi kubeba jeneza, hiyo kwangu ni heshima kubwa kuliko gwaride. Medali na picha ya yunifomu wekeni nyumbani siku ya hitma, mtu asimulie maisha yake.

Ile sanamu ya askari Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, pale Jomo Kenyatta Avenue Mombasa, ipo tangu 1927, lakini majina ya waliokufa hayakuchongwa. La babu liandikeni nyinyi.