Dhahabu Haikuambii Kitu, Tazama Juu ya Ukuta

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimesoma kwamba Ukumbi wa Vioo wa Versailles, jumba la wafalme wa Ufaransa, ni mtindo wa Baroki, na chumba chenye umbo la yai cha Hôtel de Soubise, jumba la wakubwa kule Paris, ni Rokoko. Kwenye picha vyote viwili naona dhahabu na vioo tu. Niangalie nini? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dhahabu iache, imejaa kote. Inua macho pale ukuta unapokutana na dari.

Versailles utaona ukingo mzito, umenyooka, unapita juu ya nguzo za marumaru mita 73, mwanzo wa ukumbi hadi mwisho. Ukuta unaishia hapo. Dari ni makao ya mfalme: Charles Le Brun amemchora Louis XIV mwenyewe akishinda vita na kuongoza dola. Jules Hardouin-Mansart alianza ujenzi mwaka 1678, ukakamilika 1684. Matao 17 ya vioo yanatazamana na madirisha 17. Mwaka 1686 mabalozi wa Siam (Thailand ya leo) walipokewa humo, kiti cha enzi kikiwa mwisho kabisa. Fikiria kuutembea urefu ule wote huku mfalme anakutazama!

Sasa tafuta ukingo huo Soubise. Huuoni! Germain Boffrand, aliyekibuni chumba hicho miaka ya 1730, ameufanya uwe unapanda na kushuka kama wimbi, na pale ambapo ungekata, picha 8 za mchoraji Natoire zinasimulia kisa cha Psyche, binti wa hadithi za kale. Nakshi za plasta zinatoka ukutani zikitambaa hadi katikati ya dari, na pembe za chumba hakuna. Mimi kazi ile naipenda kuliko Versailles nzima, kwa sababu fundi plasta ndiye aliyebeba chumba.

Mabadiliko hayo yana chanzo. Louis XIV alipofariki mwaka 1715, baraza la mfalme lilihamia Paris kwa miaka kadhaa. Wakubwa wakataka nyumba za mjini, zenye vyumba vidogo vya watu wachache kukaa na kuongea. Nani atembee mita 73 kwenda kuongea na rafiki?

Ila usihukumu kwa picha ya nje. Mbele ya Soubise nguzo zimesimama mbili mbili, wima, bila mchezo wowote. Rokoko ya Ufaransa huishi ndani. Na Trianon Ndogo, jumba dogo lililojengwa kule Versailles miaka ya 1760, ambayo wengi huiita Rokoko kwa ajili ya malkia Marie Antoinette, siyo. Tazama kuta zake: mistari iliyonyooka imesharudi.